Kuchora njia za neva kuzunguka uvimbe wa ubongo: mwongozo kamili kutoka fomu ya daktari hadi chumba cha upasuaji

Tuseme mgonjwa wako ni fundi cherehani. Kwa miezi miwili mkasi umekuwa ukimponyoka mkono wa kulia, na wiki iliyopita alianguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani. MRI ya kawaida imeonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, jirani kabisa na sehemu inayoendesha mkono. Daktari wa upasuaji anataka kuutoa, ila kwanza anataka kujua nyuzi zinazopeleka amri ya mkono zimepita wapi. Zimesukumwa pembeni? Zimezama kwenye majimaji yanayouzunguka uvimbe? Au zinakatiza katikati yake?

Kazi ya kuzichora nyuzi hizo inaitwa traktografia. Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wanaokaa kwenye chumba cha MRI, madaktari wanaoanza kuomba kipimo hiki, na ndugu wa mgonjwa anayetaka kuelewa zile picha za rangi alizoonyeshwa. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka mwisho kwa sababu ndilo linaloumiza watu: uzi usioonekana kwenye picha unaweza kuwa bado upo kichwani.

Kinachopimwa ni maji

MRI haioni neva moja moja. Aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, ina upana wa mikromita chache, na kijisanduku kimoja cha picha yetu, yaani vokseli, kina milimita 2 kila upande. Ndani yake kuna aksoni maelfu kwa maelfu. Tunachopima ni jinsi molekuli za maji zinavyotawanyika. Dondosha wino kwenye karatasi laini, doa litakuwa duara. Dondosha kwenye fungu la nyuzi za pamba zilizolazwa pamoja, doa litarefuka kufuata nyuzi. Ndivyo yalivyo maji ndani ya ubongo mweupe: yanakwenda kwa urahisi sambamba na aksoni na kwa taabu kuzikatiza.

Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan walionyesha namna ya kuueleza mtawanyiko huo kwa hesabu ya tensa. Ifikirie kama umbo la yai katika kila vokseli, lililolala kuelekea nyuzi zinakokwenda. Yai likiwa jembamba na refu, kiwango cha mwelekeo, FA, kinakaribia 1. Likiwa duara kama mpira, FA inakaribia 0. Mwaka 1999 Susumu Mori na wenzake walichapisha njia ya kuyaunganisha mayai hayo, vokseli hadi vokseli, mpaka yakawa mistari. Mistari hiyo ndiyo tunayoiita nyuzi. Kwa kweli ni makisio ya nyuzi.

Hatua ya 1: swali kabla ya mashine

Usimweke mtu kwenye sumaku kwa fomu iliyoandikwa "MRI ubongo" peke yake. Mpigie daktari umuulize anaogopa kuharibu nini. Kwa fundi wetu jibu ni njia ya piramidi, inayoshuka kutoka gamba la ubongo linaloendesha misuli, ikapita kwenye kapsuli ya ndani (njia nyembamba ya nyuzi ndani kabisa ya ubongo) na shina la ubongo hadi uti wa mgongo. Uvimbe ukiwa karibu na sikio la kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, utatafuta pia fungu la upinde, linalounganisha maeneo ya lugha ya mbele na ya nyuma. Ukiwa kwenye tundu la pembeni la ubongo (temporal lobe), kumbuka nyuzi za kuona. Sehemu yake inayopinda mbele, kitanzi cha Meyer, ikikatwa mgonjwa anapoteza robo ya juu ya uwanja wa kuona upande wa pili.

Andika mgonjwa anatumia mkono upi, anazungumza lugha zipi, udhaifu umeanza lini, na kama anatumia deksamethasoni na kwa dozi gani. Dawa hiyo hupunguza majimaji kuzunguka uvimbe, na picha ya leo inaweza kutofautiana na ya wiki ijayo kwa sababu yake tu.

Si kila uvimbe unahitaji haya. Meninjioma (uvimbe wa utando unaofunika ubongo) ndogo inayokaa juu ya ubongo, mbali na maeneo nyeti, inaweza kutolewa vizuri bila traktografia. Kipimo hiki kina thamani kubwa kwa glioma (uvimbe unaotokana na seli za ubongo zinazosaidia neva) na uvimbe mwingine uliozama ndani.

Hatua ya 2: mwandae mtu

Maswali ya usalama ni yale yale ya MRI yoyote: mashine ya moyo, klipu za mishipa ya damu kichwani, vipande vya chuma. Aliyewahi kuchomelea vyuma muulize kuhusu macho. Kwetu ongeza jambo ambalo vitabu vingi havilitaji, nalo ni nywele. Rasta nene na wigi zilizoshonwa huzuia kichwa kuingia vizuri kwenye koili (kifaa kinachozunguka kichwa ndani ya mashine), na baadhi zina pini au nyuzi za chuma zinazopinda picha yote ya mtawanyiko. Mwambie mgonjwa mapema afumue, siku mbili kabla, ili asije akaaibika mbele ya watu au akarudishwa nyumbani. Shanga, hereni na hirizi zivuliwe kwa heshima na zikabidhiwe kwa ndugu aliyemsindikiza.

Dawa za kifafa aendelee nazo asubuhi hiyo kama kawaida. Kifafa ndani ya mashine ni hatari kwake na kinaharibu kipimo kizima.

Halafu keti naye. Mweleze: "Mama, kutakuwa na sehemu moja, dakika kama 10, kitanda kitatetemeka na mlio utakuwa mkali kuliko sehemu nyingine. Hakuna kilichoharibika. Hapo ndipo nakuomba usitikise kichwa hata kidogo." Mtu aliyeambiwa hivi hutulia. Asiyeambiwa hushtuka kitanda kinapoanza kutikisika, na mshtuko huo unatosha kuharibu picha. Mzibe masikio, jaza sponji pande zote mbili za kichwa, mpe kengele mkononi, kwa fundi wetu mkono wa kushoto ulio na nguvu.

Bandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye paji la uso upande wa kulia. Kitang'aa kwenye picha ya T1 (aina ya picha ya MRI inayoonyesha maumbo ya ubongo), nawe utajua kulia ni wapi hata programu zikigeuza picha mara tatu huko mbele.

Hatua ya 3: kupiga picha

Anza na mtawanyiko mapema, mgonjwa akiwa bado hajachoka. Vipimo hivi vinafanya kazi kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, na ukiwa na tesla 3 utapata mawimbi safi zaidi:

- Vokseli za milimita 2 hadi 2.5, zenye urefu sawa pande zote, ubongo mzima hadi chini ya shina la ubongo. Usikate kwenye ponsi (sehemu ya kati ya shina la ubongo) ili kuokoa dakika.
- Kipimo b (kinachoonyesha picha ina hisi kiasi gani kwa mtawanyiko wa maji) cha 1000 s/mm² na mielekeo 30 au zaidi. Kihesabu 6 inatosha kupata tensa, ila kwa upasuaji usithubutu. Mashine ikiruhusu, ongeza seti ya b ya 2000 hadi 3000 yenye mielekeo 60.
- Picha kadhaa za b sifuri, yaani zisizopima mtawanyiko, kama moja kwa kila mielekeo 10, zilizotawanywa katikati ya nyingine.
- Picha ya b sifuri iliyosomwa kwa mwelekeo uliogeuzwa. Inachukua chini ya dakika moja, na bila hiyo hutaweza kunyoosha vizuri picha zilizopindika karibu na mifupa na hewa ya puani.
- Zima ile sehemu ya mashine inayoongeza vokseli za bandia ili picha ionekane laini. Macho yanaipenda, lakini inavuruga masahihisho yote yanayofuata.

Kisha piga FLAIR na T2 (aina nyingine za picha za MRI), na T1 ya pande tatu ya milimita 1 pamoja na dawa ya kontrasti, baada ya kuhakikisha figo ziko sawa. T1 hiyo ndiyo ramani atakayoitumia mpasuaji, na nyuzi zako zitalazwa juu yake.

Mgonjwa akiwa bado kitandani, pitia picha za mtawanyiko moja baada ya nyingine. Unatafuta vipande vyeusi vilivyokatika, ishara ya mtu kutikisika. Rudia sasa hivi. Akishavaa viatu umeshachelewa.

Hatua ya 4: hifadhi data ghafi

Nimewahi kupokea CD ya mgonjwa aliyekuwa anajiandaa kusafiri kwa upasuaji. Ndani yake kulikuwa na picha sita nzuri za rangi, na hakuna kingine. Hakuna data ya mielekeo wala picha za b sifuri. Kipimo kikarudiwa chote kwa gharama ya familia. Tangu hapo naomba kila mtu: toa DICOM (faili za picha kama zilivyotoka kwenye mashine) zote ghafi za mtawanyiko, usitoe ramani zilizokwisha kuchorwa na mashine peke yake. Ndugu wa mgonjwa, mnapochukua CD dirishani ulizeni kwa maneno haya haya: "Data ghafi ya mtawanyiko imo?"

Zibadilishe kwa programu ya bure ya dcm2niix. Itakupa picha pamoja na faili mbili ndogo, moja ya thamani za b na nyingine ya mielekeo.

Hatua ya 5: safisha

Kwa programu za MRtrix3 na FSL, zote zinapatikana bila malipo kwa utafiti, mpangilio ni huu: ondoa chengachenga kwanza, kisha mawimbi ya Gibbs (mistari ya uongo inayojitokeza kwenye kingo), kisha nyoosha upindikaji na urekebishe mitikisiko kwa pamoja. Mpangilio huu usiubadilishe, kwani hatua ya kuondoa chengachenga inategemea data isiyoguswa. Picha ikizungushwa ili kurekebisha mtikisiko, faili ya mielekeo nayo lazima izungushwe kwa kiasi kile kile.

Fanya jaribio dogo la kopasi kalosamu, lile daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Chora nyuzi zake. Zikipanda vizuri pande zote mbili kama pembe za ng'ombe, mielekeo iko sawa. Zikikatika au zikichomoka kwenda kusikojulikana, mhimili mmoja umegeuka. Kosa hili halitoi onyo lolote kwenye skrini, ndiyo maana jaribio hili silirukagi hata nikiwa na haraka.

Linganisha sasa picha ya mtawanyiko na T1 ya kontrasti. Angalia kingo za vyumba vya maji vya ubongo zikilala juu ya kingo zile zile kwenye T1. Angalia kidonge cha mafuta: kulia ni kulia?

Hatua ya 6: soma rangi kabla ya kuchora chochote

Hapa wengi hukimbilia kubonyeza kitufe cha nyuzi. Ngoja kwanza. Fungua ramani ya rangi ya FA. Nyekundu ni nyuzi zinazokwenda kushoto na kulia, kijani ni mbele na nyuma, buluu ni juu na chini. Kwa fundi wetu, upande wa kulia wenye afya utaona ukanda wa buluu uliokolea ukishuka kupitia kapsuli ya ndani. Sasa hamia kushoto. Buluu iko wapi?

Kuna hali nne zinazotajwa sana. Buluu inaweza kuwepo, imekolea, ila imehama: nyuzi zimesukumwa. Inaweza kuwepo mahali pake lakini imefifia, rangi ikiwa ile ile: majimaji yamejaa katikati ya nyuzi. Inaweza kufifia na rangi yenyewe kubadilika: huenda seli za uvimbe zimejipenyeza. Au panaweza kuwa pa kijivu, hapana mwelekeo wowote: huenda nyuzi zimeharibika. Nimeandika "huenda" kwa makusudi. Hali ya pili na ya tatu hufanana mno, na mtu mmoja anaweza kuwa na zote nne kwenye uvimbe mmoja.

Angalia pia wastani wa mtawanyiko. Kwenye nyuzi nyeupe zenye afya ni karibu 0.7 × 10⁻³ mm²/s, na maji huru kwenye joto la mwili ni karibu 3. Kadiri namba inavyopanda kuelekea 3 ndivyo maji huru yanavyozidi ndani ya vokseli, na maji hayo yanaficha nyuzi zilizo hai.

Hatua ya 7: chora

Anza na upande wenye afya. Ukiweza kuichora njia ya piramidi ya kulia ikapendeza, utajua mipangilio yako ni mizuri, kisha uitumie ile ile kushoto.

Weka lango la kwanza, yaani eneo ambalo kila mstari lazima upitie, kwenye shina la ubongo, kwenye doa la buluu la mbele. Huko nyuzi zimebanana na mara nyingi uvimbe haujafika. Lango la pili liweke kwenye kapsuli ya ndani, mguu wake wa nyuma. La tatu liweke kwenye gamba linaloendesha misuli. Sehemu ya mkono utaitambua kwenye picha ya mlalo kwa kivimbe chenye umbo la herufi ya Kigiriki omega iliyopinduliwa. Weka ukuta katikati ya ubongo ili mistari isivuke upande wa pili, na ukuta mwingine kuzuia inayokimbilia ubongo mdogo. Uvimbe ukiwa umepotosha maumbo kiasi kwamba omega haionekani, MRI ya utendaji, ile ambayo mgonjwa anakunja na kukunjua vidole ndani ya mashine, itakuonyesha pa kuweka lango.

Kikomo cha kawaida cha FA ni 0.2, na pembe ya kupinda ni digrii 45 hadi 60. Ndani ya majimaji shusha FA hadi 0.15, hata 0.1, ukijua kwamba mistari ya uongo nayo itaongezeka. Chora mara mbili, kwa kikomo cha juu na cha chini, na umwonyeshe mpasuaji zote mbili.

Tensa ina udhaifu wa kimaumbile: yai moja haliwezi kuelekea pande mbili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 na Ben Jeurissen na wenzake yanasema kati ya asilimia 63 na 90 ya vokseli za ubongo mweupe zina nyuzi zinazokatizana. Matokeo yake unayaona kwa macho: tensa inachora vizuri nyuzi za mguu, na mara nyingi inashindwa kabisa kuzionyesha za uso na sehemu ya mkono, kwa sababu zinapishana na mafungu mengine zikielekea pembeni. Nyuzi za uso zipo. Hesabu ndiyo iliyoshindwa. Ndiyo maana seti ile ya b kubwa ina thamani, kwani inaruhusu hesabu inayotenganisha mielekeo kadhaa ndani ya vokseli moja. MRtrix3 na programu nyingine iitwayo DSI Studio zinaweza. Kwa kitanzi cha Meyer, chenye kona kali, mimi naona usitumie tensa kabisa.

Hatua ya 8: andika ripoti ya kweli

Mwaka 2015 vikundi 20 vya watafiti vilipewa ubongo wa kompyuta ambao nyuzi zake zote zilijulikana, wakaambiwa wazichore. Matokeo yalichapishwa 2017: mafungu mengi ya kweli yalipatikana, lakini ya uongo yalikuwa mengi kuliko ya kweli. Hao ni mabingwa, na kwenye ubongo usio na uvimbe.

Kwa hiyo ripoti yako itaje umbali mdogo kabisa kati ya ukingo wa uvimbe na fungu, kwa milimita, na upande gani: mbele, nyuma, ndani au chini. Itaje njia uliyotumia, vikomo vya FA na pembe. Itaje ulichokosa. Usiandike "njia ya piramidi imekatika". Andika "njia ya piramidi haikuweza kuchorwa kwenye eneo la majimaji nyuma ya uvimbe, uwepo wake hauwezi kukanushwa". Sentensi hiyo inaweza kuokoa mkono wa fundi. Mimi huongeza pia ukingo wa milimita 5 kuzunguka fungu kabla ya kulituma, kwa kuwa mistari hii huelekea kuonyesha fungu jembamba kuliko lilivyo.

Hatua ya 9: chumba cha upasuaji

Fungu linageuzwa kuwa umbo moja na kupelekwa kwenye mfumo wa kuongozea upasuaji pamoja na T1. Programu ya 3D Slicer inaweza kuliandaa hata kwenye laptopu ya kawaida. Nenda mwenyewe ukakae na mpasuaji siku moja kabla, mkizungusha picha pamoja, kwa sababu dakika 20 za mazungumzo zinamfaa kuliko kurasa za ripoti.

Mkumbushe kwamba fuvu likifunguliwa ubongo unahama. Christopher Nimsky na wenzake Ujerumani walipima kabla na wakati wa upasuaji, wakachapisha 2005: mafungu yalihama kati ya milimita 8 kuingia ndani na 15 kutoka nje. Ramani yako ya jana inachakaa kadiri uvimbe unavyotolewa. Anapokaribia, mpasuaji anahitaji kuchokoza nyuzi kwa umeme mdogo huku misuli ikifuatiliwa. Kanuni ya mezani ni kwamba miliampea 1 inayotosha kuutikisa mkono ina maana fungu liko karibu milimita 1. Kwa lugha, mgonjwa huamshwa katikati ya upasuaji ili azungumze.

Je, taabu yote hii ina faida? Jaribio lililofanyika Shanghai na kuchapishwa 2007 liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 238 wenye glioma zilizogusa njia ya piramidi. Waliopasuliwa kwa msaada wa ramani ya nyuzi, asilimia 15.3 walidhoofika viungo baada ya upasuaji. Wasiokuwa nayo, asilimia 32.8.

Baada ya upasuaji piga MRI ndani ya saa 72 kuona kilichobaki, na jumuisha mtawanyiko. Fundi akiamka mkono ukiwa mzito, linganisha na ramani ya kwanza: je, fungu lipo na limevimba tu, au kuna doa jipya la kukosa damu? Jibu hilo ndilo litakaloamua mtaalamu wa mazoezi aanze na kitu gani kesho asubuhi. Na ile data ghafi ya kwanza iwe bado ipo kwenye seva yenu, kwa jina la faili ambalo mtu mwingine zamu ya usiku ataweza kulitafuta na kulipata.